Acheni kuhesabu miezi, pimeni goti

Mhariri,

Mchezaji akikatika kano ya goti, kurasa za michezo huwa na sentensi yake tayari: atakaa nje miezi sita. Wazazi huisoma, makocha huishika, na mtoto mwenyewe huanza kuhesabu siku kwenye kalenda. Naomba gazeti lako liiache. Kwa kijana wa miaka 15 au 18 aliyepandikizwa kano ya msalaba ya mbele, ile ambayo hata wachezaji wa mtaani sasa huiita ACL, miezi sita ni njiani tu, na huo ndio wakati ambao goti hudanganya vizuri zaidi.

Sababu iko ndani ya goti lenyewe. Kwa kawaida daktari haiungi kano iliyokatika. Huchukua nyingine mwilini mwa mgonjwa: ama ya misuli ya nyuma ya paja, ama kipande cha katikati cha kano iliyo chini ya pia ya goti, ama ile ya juu yake. Huipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mfupa wa paja na wa muundi, akaikaza kwa skrubu au kifungo kidogo. Siku hiyo kano mpya ni imara. Lakini imetengwa na damu yake, kwa hivyo seli zake hufa, kisha mwili huingiza mishipa mipya na kuijenga tena taratibu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi ndipo inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, na ndipo pia maumivu yamekwisha, uvimbe umeshuka na kijana anatembea bila kuchechemea. Kukomaa kwake huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Supu ya mifupa ni tamu, ila haiharakishi kazi hiyo.

Watafiti wa Sweden waliowafuatilia wachezaji wa miaka 15 hadi 30 walichapisha matokeo yao mwaka 2020: waliorudi michezoni kabla ya miezi 9 waliumia upya kwa kiwango cha karibu mara saba ya waliosubiri. Mwaka 2016, utafiti wa Norway na Marekani ulikuwa umeonyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi wa tisa, hupunguza hatari hiyo kwa takriban nusu. Tena kwa walio chini ya miaka 25 wanaorejea uwanjani, karibu mmoja kati ya wanne hukatika kano tena, iwe ile iliyopandikizwa au ya mguu wa pili uliokuwa mzima. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 2020, akaiacha Euro ya Juni iliyofuata ipite, akaonekana uwanjani mwishoni mwa Julai 2021 katika mechi ya kirafiki. Huyo alikuwa na madaktari wa klabu na mshahara unaoingia hata akiwa kitandani. Kijana wa mtaa wa Jericho hapa Nairobi, anayefanyia mazoezi uwanja wa Camp Toyoyo, ndiye anayeambiwa miezi sita.

Kazi yenyewe huanza kabla ya upasuaji. Goti lililovimba na kukakamaa halipasuliwi kwa pupa, kwa sababu hutoka chumba cha upasuaji likiwa gumu zaidi, limejaa makovu. Isipokuwa pale ambapo meniskasi, gegedu lililo kati ya mifupa, limechanika na kuliziba goti lisinyooke kabisa (hapo daktari huhitajika mapema), wiki 3 hadi 6 za maandalizi si hasara. Uvimbe ushuke, goti linyooke sawasawa na la pili, na mguu uweze kuinuliwa ukiwa umenyooka bila goti kulegea. Wakati huo huo upimwe mguu mzima: unanyanyua uzito gani na unaruka umbali gani. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha mwezi wa tisa wanalinganisha mguu mgonjwa na mguu mzima ambao nao umekaa bila mazoezi na kudhoofika. Miguu miwili dhaifu huonekana sawa.

Kwa walio wadogo kuna swali moja la kumuuliza daktari bila haya: mifupa yake bado inarefuka? Sehemu laini zinazorefusha mguu zaidi ziko karibu kabisa na goti, juu na chini yake, na hufunga kwa wastani miaka 14 kwa wasichana na 16 kwa wavulana. Tundu likitobolewa ovyo katikati yake, mguu unaweza kukua mfupi au kupinda. Mbinu za kuzikwepa zipo, ila daktari lazima awe amepanga kwa kutazama eksirei kwanza.

Sasa nyumbani, na kwanza mto. Jamaa wakimpokea mgonjwa humwekea mto chini ya goti, kwa kuwa goti lililokunjwa kidogo haliumi. Huruma hiyo ndiyo inayoharibu. Goti lisiponyooka kikamilifu katika wiki za mwanzo, makovu hujijenga mbele ya kano mpya na kuwa kama kabari. Msuli wa mbele wa paja haupati nafasi ya kukaza mpaka mwisho, kijana anatembea akiwa amepinda, pia ya goti inaanza kuuma, na wengine hurudishwa kwa upasuaji wa pili ili kovu likatwe. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani lijishushe lenyewe, dakika 10 kila mara, mara nne au tano kwa siku. Kukunja hakuna haraka hiyo. Nyuzi 90 kufikia wiki ya pili na 120 kufikia ya sita zinatosha, lakini kunyooka ni deni la wiki mbili za kwanza.

Zoezi la pili ni dogo hadi linadharauliwa. Mgonjwa akae mguu ukiwa umenyooka, akaze msuli wa mbele wa paja kana kwamba anaibana taulo iliyo chini ya goti, ashikilie sekunde 5, aachie, mara 10, na arudie karibu kila saa akiwa macho. Uvimbe huuzima msuli huu kutoka kwenye neva, kwa hivyo katika siku za kwanza anaweza kuukaza kwa nia yote na usitikisike. Asikate tamaa, aendelee. Ukishaitika, ainue mguu mzima hadi kimo cha shubiri moja na nusu. Kisigino kikiinuka baada ya goti, msuli haujawa tayari kumbeba, na mikongojo haijaachwa bado.

Barafu ni dakika 15 hadi 20, imefungwa kwa kitambaa, kila saa mbili tatu katika siku za mwanzo. Mguu uinuliwe juu ya kimo cha moyo. Nyuzi za kidonda hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuna dalili ambazo hazingoji miadi: homa ya nyuzi 38 na zaidi, kidonda kutoa usaha, au tafu, yaani nyama ya nyuma ya muundi, kuvimba, kupata joto na kuuma. Hiyo ya mwisho huenda ni damu iliyoganda mshipani. Tafadhali asiitwe mkandaji aje na mafuta yake. Damu hiyo ikisukumwa inaweza kung'oka na kupanda mapafuni, na mgonjwa anayepumua kwa shida au kuumwa na kifua apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nairobi ina vikwazo vyake ambavyo karatasi ya maelekezo haivitaji. Anayeishi ghorofa ya sita Pipeline ambako lifti haipo, heri alale kwa shangazi wa ghorofa ya chini wiki mbili za kwanza. Kwenye ngazi mguu mzima hupanda mbele, uliopasuliwa hushuka mbele, na mikongojo huufuata uliopasuliwa. Bodaboda isahauliwe kwa wiki sita angalau: kupanda na kushuka kunapinda goti, na dereva akiyumba utatua kwa mguu wowote uliopo. Katika matatu chagua kiti cha pembeni mwa njia, mguu upate pa kunyooka. Na choo cha kuchuchumaa ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyokubali kusema. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kinafaa kabisa, bora tu kiwekwe pasipoteleza.

Kama meniskasi nayo ilishonwa, ratiba inabadilika. Madaktari wengi huzuia kukunja zaidi ya nyuzi 90 na kuubebesha mguu uzito wote kwa wiki 4 hadi 6. Wazazi wawili wakikutana kliniki na kulinganisha watoto wao waliopasuliwa wiki moja, mmoja hutoka na hofu bure, kwa sababu hakuambiwa kwamba wa kwake alishonwa vitu viwili. Ombeni ripoti ya upasuaji kwa maandishi, mkae nayo nyumbani.

Baada ya hapo huja miezi ya nguvu, na hapa ndipo wengi hupotelea. Pesa za vikao huwa zimeishia kwenye taa ya joto na kukandwa kandwa katika wiki sita za mwanzo, mambo matamu yasiyojenga msuli. Kijana anatembea vizuri, mzazi anasema amepona, na mguu wenyewe umekonda paja lote. Msuli hujengwa kwa uzito unaoongezeka. Mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana, na uzito unaomchosha kati ya marudio ya 8 na ya 12, seti 3 au 4. Akifika 12 bila kukunja uso, uzito umekuwa mdogo. Asiye na gym ana pakiti za unga za kilo 2 za kujaza kwenye begi la mgongoni na mtungi wa lita 20, ambao ukijaa maji ni kilo 20 na ushee. Tyubu kuukuu ya tairi ikikatwa vipande ni mpira mzuri wa kuvuta. Achuchumae kwa miguu miwili kwanza, hadi usawa wa kiti, kisha apande ngazi ya kimo cha sentimita 20 kwa mguu uliopasuliwa, kisha achuchumae kwa mguu huo peke yake akiwa mbele ya kioo. Kioo ni cha kuangalia kitu kimoja: goti lisiingie ndani kuelekea mwenzake. Hivyo ndivyo kano hukatika, mara nyingi bila hata kuguswa na mpinzani, mchezaji anapotua au kugeuka ghafla goti likiangukia ndani. Wasichana wa soka na mpira wa vikapu huumia hivi mara mbili na zaidi kuliko wavulana wa michezo hiyo hiyo, kwa hivyo kioo chao kisiwe cha siku moja.

Waliochukuliwa kano ya nyuma ya paja wasiivute misuli hiyo kwa uzito katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Baadhi yao huhisi kitu kikichanika huko wakiinama kuvaa soksi. Waliochukuliwa ya chini ya pia ya goti watahisi maumivu wakipiga magoti kwa miezi kadhaa, na viongozi wa dini naomba wawaruhusu wakae.

Kukimbia hakuji kabla ya wiki ya 12, na si kwa sababu wiki ya 12 imefika. Goti liwe halina maji, linyooke kabisa, nguvu ya paja iwe imefika angalau asilimia 70 ya mguu mzima, na achuchumae kwa mguu mmoja mara 10 bila kuyumba. Maji hupimwa hivi: lala chali, pitisha kiganja upande wa ndani wa goti kuelekea juu mara mbili tatu, kisha kipitishe upande wa nje kuelekea chini. Upande wa ndani ukifura kidogo, kuna maji. Kipimo hiki kifanywe kila asubuhi inayofuata zoezi jipya, maana goti husema kesho yake. Likifura, punguza kwa nusu mpaka likauke. Mwanzo ni dakika moja kukimbia polepole na mbili kutembea, mara nane, siku moja akimbie, siku moja apumzike. Njia za udongo za msitu wa Karura ni rafiki kwa goti kuliko lami ya barabara kuu, ilimradi mvua haijanyesha. Nyasi bandia, hasa kwa viatu vyenye meno marefu, hunasa mguu wakati mwili unageuka, hivyo zingoje hadi mwisho.

Kuruka huanza mwezi wa nne au wa tano hivi, kwa miguu miwili hadi kwenye kisanduku kifupi, kisha kutua kutoka juu yake, halafu mguu mmoja. Sikiliza kishindo. Anayetua kwa kelele anatua kwa mifupa. Kukata kona, mazoezi ya timu bila kugusana, kisha ya kugusana, vifuatane hivyo kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa.

Kisha vipimo. Mashine za gharama za kupima nguvu ziko chache hapa, lakini mashine ya kawaida ya gym ya kunyoosha goti inatosha. Tafuta uzito mkubwa kabisa ambao kila mguu peke yake unaweza kuunyanyua mara 10. Mguu mzima ukinyanyua kilo 40 na mwingine 28, hiyo ni asilimia 70, na kijana huyo harudi uwanjani hata kama ni mwezi wa kumi. Anayehitajika ni wa asilimia 90 kwenda juu, na ikilinganishwa na kipimo cha kabla ya upasuaji ni bora zaidi. Baada ya nguvu ndipo utepe wa fundi mjenzi utandikwe chini: kuruka mara moja kwa mguu mmoja, kuruka mara tatu mfululizo, kuruka mara tatu ukivuka msitari wa upana wa sentimita 15 huku na huku, na kuruka mita 6 kwa mguu mmoja huku ukipimwa sekunde kwa saa. Majaribio matatu kila mguu, na kutua kuhesabiwe tu ukishikilia sekunde 2 bila kuongeza hatua. Sentimita 120 dhidi ya 150 ni asilimia 80, yaani bado. Utaratibu wa nguvu kwanza una maana, kwani kijana mjanja huruka sawa kwa kutumia nyonga na kifundo huku paja lake likiwa tupu, na utepe hauoni hilo.

Hofu nayo ipimwe. Anayesema goti liko sawa lakini anaukwepa mpira wa kugombea atauegemea mguu wa pili, na ndiyo maana mguu mzima huishia kukatika. Aulizwe kwa upole, kocha akiwa hayupo.

Shule zetu zina mtego wa kalenda. Mpira wa miguu huchezwa muhula wa pili. Aliyeumia Julai na kupasuliwa Septemba anafikisha miezi 9 mwezi wa Juni, mashindano yakiwa yamepamba moto, na kocha anayemhitaji kwa ngazi ya kaunti atamwona amepona. Mwalimu wa michezo adai karatasi yenye tarehe ya upasuaji, asilimia za nguvu na za kuruka, na sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa. Cheti kinachosema "yuko sawa kucheza" bila tarakimu hakijasema kitu. Kwa shule za bweni, barua ya mzazi iombe mambo manne: kitanda cha chini, choo cha kukalia, msamaha wa adhabu za kupiga magoti na za kazi ya shamba, na nusu saa asubuhi na jioni ya mazoezi. Anayerudi bweni wiki ya pili bila hayo hupoteza kunyooka kwa goti kabla ya likizo fupi.

Kuhusu pesa, ulizeni SHA (mamlaka ya bima ya afya ya serikali) au bima yenu mapema, kwa maandishi, iwapo fiziotherapia ya baada ya kutoka hospitali inalipiwa na kwa vikao vingapi. Mwenye uwezo wa vikao 12 tu asivile vyote mwanzoni. Kimoja kabla ya upasuaji, vitatu mwezi wa kwanza, kisha kimoja kila mwezi kuanzia wa pili hadi wa tisa, cha mwisho kikiwa cha vipimo. Kila kikao mgonjwa atoke na zoezi jipya, idadi yake na uzito wake. Kikao anacholala chini ya taa na kuondoka bila zoezi ni pesa iliyomwagika.

Akirudi, arudi kwa dakika: 20 mechi ya kwanza, 45 wiki kadhaa baadaye, na mechi nzima baada ya hapo. Mazoezi ya nguvu yaendelee mara mbili kwa wiki kwa mwaka mwingine mzima, na timu yote ipashe misuli kwa mpango wa FIFA 11+, ambao ni wa dakika 20 hivi, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na hufanya kazi tu ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki, si siku ya fainali. Goti likiamka na maji Jumapili baada ya mechi ya Jumamosi, mazoezi ya Jumanne ni ya kutazama akiwa benchi.

Mtaalamu wa fiziotherapia ya michezo,
Nairobi